Bei za Mpakani kwenye Skrini Ndogo: Shajara ya Mradi, Busia

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza rasmi kazi ya ukurasa wa bei wa kikundi cha akina mama wanaouza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Miaka yote bei zao zimekuwa zikiandikwa kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila mlangoni mwa stoo, kisha mmoja wao anaipiga picha na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Picha ikifika imefifia, tarakimu za mwisho zimefunikwa na kidole, na hakuna ajuaye kama ni ya leo au ya juzi. Shangazi yangu ni mwanakikundi, na ndiye aliyeniita. "Wewe si unatengeneza tovuti? Basi tutengenezee kitu tunachoweza kukisoma."

Maneno hayo nimeyaandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la mradi. Kitu kinachosomeka.

Lugha haikuleta mjadala. Stoo ina Wasamia, Wateso, Wagisu, Waganda, na wanunuzi wanaovuka kutoka ng'ambo, yaani upande wa Kenya. Kinachowakutanisha ni Kiswahili. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Baraza la Mawaziri likakiidhinisha tena Julai 2022. Hapa mpakani watu walikuwa wakipatana bei kwa lugha hiyo tangu enzi za bibi zetu.

Upande wa fremuweki, yaani msingi ulio tayari wa kujengea kurasa, nimechagua Bootstrap, toleo la 5.3. Nilifikiria kuandika CSS yote, yaani maelekezo ya mwonekano wa ukurasa, kwa mkono, maana ukurasa wenyewe si mkubwa. Lakini atakayeurithi ni binti wa mwenyekiti, ambaye amejifunza Bootstrap chuoni, na nataka aufungue aelewe bila kunipigia simu. Fremuweki hii ilizaliwa ndani ya Twitter, kwa mikono ya Mark Otto na Jacob Thornton, ikatolewa kwa umma Agosti 2011. Toleo la 3, la 2013, ndilo lililogeuza mwelekeo: mpangilio ukaanza kuhesabiwa kutoka skrini ndogo kwenda kubwa. Toleo la 5, la Mei 2021, likaacha kutegemea jQuery, faili la ziada la JavaScript, maandishi yanayoupa ukurasa vitendo. Kwa mtu anayenunua bando la siku, faili moja kupungua si jambo dogo.

Jumatano, 5 Machi

Nimejenga mifupa ya ukurasa. Kwa faida ya atakayeisoma shajara hii baadaye, nieleze gridi inavyofanya kazi, kwa sababu kila kitu kitasimama juu yake.

Kila mstari wa Bootstrap umegawanywa sehemu 12. Kumi na mbili inagawika kwa mbili, kwa tatu, kwa nne na kwa sita, kwa hiyo karibu kila mgao unaoutaka unapatikana. Kisanduku chenye klasi `col-12` kinachukua mstari mzima; chenye `col-6` kinachukua nusu. Kisha kuna vipimo vya upana ambapo mpangilio unaweza kugeuka: `sm` kuanzia pikseli 576, `md` 768, `lg` 992, `xl` 1200, `xxl` 1400. Ukiandika `col-12 col-md-6` umesema hivi: chukua mstari mzima, lakini skrini ikifika 768 chukua nusu. Klasi isiyo na herufi za kipimo inaanza kazi kwenye sifuri. Ndiyo maana nasisitiza kuandika ya simu kwanza. Anayeanza na kompyuta kubwa huishia kuondoa na kufuta. Anayeanza na simu huongeza tu.

Jioni nikampelekea shangazi kiungo cha majaribio. Akanipigia: "Mwanangu, naona kama magazeti yaliyobandikwa kwa mbali." Nikaenda kuangalia simu yake. Ukurasa mzima ulikuwa umesinyaa, herufi kama punje za mtama. Nilijua kosa kabla sijakaa: katika kuhamisha kichwa cha ukurasa kutoka mradi wa zamani nilikuwa nimeiacha lebo ya `viewport`. Bila lebo hiyo, kivinjari cha simu hudhani kimepewa ukurasa wa kompyuta, kinaupanga kwenye upana wa pikseli 980 au karibu na hapo, halafu kinaupunguza ili uingie kwenye kioo. Gridi yangu ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Ilidanganywa tu kuhusu upana. Nimeongeza mstari mmoja, `width=device-width, initial-scale=1`, na herufi zikarudi ukubwa wake.

Nimepima pia simu yenyewe. Kioo chake kina doti 480 kwa 854, lakini kivinjari kinahesabu upana wa pikseli 320, maana kila pikseli ya CSS inachukua doti moja na nusu. Hiyo 320 ndiyo skrini ya mradi huu. Ikikaa vizuri hapo, kwingine kote ni nyongeza.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya Wanawake, sikukuu ya taifa. Akina mama walikutana stoo badala ya kwenda uwanjani, na mimi nikaomba nikae pembeni niangalie wanavyotumia simu. Sikuuliza maswali. Nimejifunza kuwa mtu ukimuuliza anataka ukurasa wa namna gani, atakueleza ukurasa aliowahi kuuona mahali.

Niliyoyaona: simu inashikwa kwa mkono mmoja, mwingine uko juu ya gunia au umeshika noti. Kidole gumba ndicho kinachofanya kazi yote, na kinakwenda juu na chini tu. Kwa saa tatu sikuona hata mama mmoja akitelezesha ukurasa kwenda pembeni. Watatu kati yao wameongeza ukubwa wa herufi kwenye mipangilio ya simu, mmoja hadi mwisho kabisa. Na swali linaloulizwa kwanza ni lile lile, kila simu inapotolewa: "Ng'ambo leo ni ngapi?"

Bei ya ng'ambo. Mimi nilikuwa nimeiweka safu ya nne ya jedwali langu.

Kuna jambo la pili ambalo nisingelijua kwa kukaa chumbani. Hapa tunaishi na shilingi mbili, ya Uganda na ya Kenya, na vipimo vingi: gunia, debe, kilo, gorogoro kwa wa ng'ambo, trei kwa mayai. Bei ya kilo ya maharagwe kwa shilingi ya Uganda ina tarakimu nne. Bei ya gunia la mahindi kwa shilingi ya Kenya nayo ina tarakimu nne. Mtu akiona namba peke yake, bila kipimo na bila aina ya shilingi ubavuni mwake, anaweza kuisoma vingine kabisa. Mama mmoja alinisimulia jinsi alivyowahi kukubali kwa simu bei aliyodhani ni ya huku kumbe ni ya kule. Alisimulia kwa sauti ya chini, na nikaona bado inamuuma.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mradi imeandikwa leo: namba haitengani na kipimo chake wala na nchi yake, kwa upana wowote wa skrini.

Mwenyekiti naye alikuwa na lake. Alikumbusha Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: waagizaji wajiandikishe, na shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Malori yalisimama, na mahindi hayapendi kusimama. Tangu hapo yeye hataki mtu apakie kabla ya kupima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni asilimia 13.5 kwa juu kabisa. "Hilo liwe juu, mwanangu," alisema. "Si chini huko ambako hakuna anayefika."

Jumanne, 11 Machi

Siku ngumu, lakini ndiyo siku mradi ulipopata umbo.

Nilikuwa na jedwali la safu saba: bidhaa, kipimo, bei ya stoo, bei ya ng'ambo, kiasi kilichopo, tarehe, simu ya muuzaji. Bootstrap ina jibu la haraka kwa jedwali pana, klasi ya `table-responsive`: unalifunga jedwali ndani ya kisanduku, na likizidi upana linatelezeshwa pembeni bila kuvuta ukurasa mzima. Ni dawa halali. Kwa mhasibu anayelinganisha namba nyingi, ningeitumia bila kusita. Kwa akina mama hawa ni sawa na kuficha bei nyuma ya pazia. Kwenye 320 zilionekana safu mbili na nusu. Bei ya ng'ambo ilikuwa nje ya kioo, na hakuna chochote kilichoashiria kuwa kuna kitu upande ule.

Nikafikiria njia ya pili, ambayo nimeiona kwenye miradi mingi: kuandika orodha mbili, moja ya kadi kwa ajili ya simu, nyingine ya jedwali kwa ajili ya kompyuta, kisha kuficha moja kwa `d-none d-md-block` na nyingine kwa `d-md-none`. Inafanya kazi kwa macho. Lakini kilichofichwa bado kinapakuliwa, na bei moja inakaa mahali pawili. Siku binti wa mwenyekiti atakapobadilisha sehemu moja na kusahau nyingine, mwenye simu na mwenye kompyuta watakuwa na bei tofauti ya gunia lile lile. Sikubali.

Kwa hiyo nimeliacha jedwali. Kila bidhaa sasa ni mstari mmoja wa gridi, umeandikwa mara moja. Jina na kipimo: `col-12 col-md-4`. Bei ya ng'ambo: `col-6 col-md-3`. Bei ya stoo: `col-6 col-md-3`. Tarehe: `col-12 col-md-2`. Kwenye simu unasoma "Mahindi, gunia", chini yake bei mbili ubavu kwa ubavu, chini yake siku. Kwenye kompyuta nne, tatu, tatu na mbili zinajumlika kumi na mbili, na vyote vinakaa mstari mmoja kama jedwali la kawaida. Kichwa cha safu kinaonekana kuanzia 768 tu. Kwenye simu kila bei inabeba lebo yake yenyewe. Kiasi kilichopo na simu za wauzaji nimeziondoa kabisa kwenye orodha. Simu ni ya stoo, moja, iko chini ya ukurasa kama kitufe.

Onyo la unyevu nalo lilinipa kazi. Kwenye kompyuta lilikaa vizuri kulia, `col-lg-4` pembeni ya bei zenye `col-lg-8`. Kwenye simu kilicho kulia hushuka chini, kwa hiyo lilikwenda mwisho kabisa, pale pale mwenyekiti alipokataa. Nimelihamisha ndani ya HTML, yaani maandishi yenyewe ya ukurasa, likawa la kwanza, halafu `order-lg-last` inalipeleka kulia skrini ikiwa pana. Nimechagua upande huo kwa makusudi. Klasi za `order` hubadilisha kile jicho linachoona tu. Programu inayomsomea asiyeona hufuata mpangilio wa HTML. Basi HTML ndiyo ibebe mpangilio wa kweli.

Ijumaa, 14 Machi

Stima haikuwepo asubuhi yote. Mchana nikashughulikia kero ndogo: kwenye simu ukurasa ulikuwa unayumba, unausukuma kidogo kwenda kushoto na mwanya mweupe unajitokeza kulia.

Sababu ni hesabu ya mstari wa Bootstrap. Mstari, yaani `row`, una pambizo hasi ya pikseli 12 kila upande, ili safu za pembeni zilingane na ukingo wa kontena, kisanduku kinachobeba mistari. Kontena lina nafasi ya ndani ya pikseli 12 kila upande, na hizo mbili hufutana. Ukiweka `row` nje ya kontena, zile 12 za kulia zinachomoza nje ya kioo. Mstari wangu wa tangazo ulikuwa hauna kontena. Nimeupa. Saa moja na nusu imepotea kwa neno moja, na naliandika hapa ili mwingine asiipoteze.

Jumanne, 18 Machi

Uzito. Leo nimepima kila kinachopakuliwa, kwa sababu tangu Julai 2021 bando letu linabeba kodi ya asilimia 12, iliyochukua nafasi ya ile shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Mama anayefungua ukurasa huu mara tano kwa siku analipia kila kilobaiti.

Faili kamili la CSS la Bootstrap lina zaidi ya kilobaiti 200. Likibanwa na seva linabaki thelathini na kitu. Si balaa, lakini ndani yake kuna vitu nisivyovitumia hata kimoja: picha za kupokezana, madirisha ya kuchomoza, vishika nafasi. Nikaingia njia ya Sass, zana ya kuunda CSS kwa vipande, nikaagiza vipande ninavyovihitaji peke yake: kazi za hesabu (functions) na vigezo vya msingi, kontena, gridi, vitufe, tangazo, na klasi saidizi chache. Faili lililobaki ni sehemu ndogo tu ya lile la kwanza. JavaScript yake nimeiondoa yote, kwa sababu nitakayoieleza hapo chini.

Hapa kuna mtego uliokula jioni yangu. Nilitaka kubadilisha rangi ya msingi na ukubwa wa herufi, nikaandika vigezo vyangu mwishoni mwa faili. Hakuna kilichobadilika. Vigezo vya Bootstrap vimewekwa alama ya `!default`, maana yake: tumia thamani hii kama hakuna aliyetangulia kuiweka. Nilikuwa nachelewa kufika. Utaratibu ni kuagiza kazi za msingi kwanza, kisha kuandika vigezo vyako, ndipo uagize vigezo vyao na vilivyobaki. Nilipopandisha vyangu juu, ukurasa mzima ukabadilika mara moja.

Picha ndizo zilizokuwa nzito kuliko vyote. Mwenyekiti alinipa picha nne za magunia, kila moja megabaiti tatu, kama zilivyotoka kwenye simu. Klasi ya `img-fluid` inazifanya zisizidi upana wa kisanduku, na nimeona watengenezaji wengi wakiridhika hapo. Haipunguzi uzito hata kidogo. Picha ya doti elfu nne inapakuliwa yote, kisha inaonyeshwa kwenye pikseli 320. Nimebaki na picha moja ya stoo, nimeikata upana wa 640, nimeihifadhi kama WebP, aina nyepesi ya faili la picha. Tatu nimezirudisha kwa mwenyekiti kwa heshima, nikamweleza zingegharimu nini. Alielewa upesi kuliko wateja wangu wengi wa Kampala.

Menyu: nilikuwa na ile ya mistari mitatu inayofunguka ukiigusa. Inahitaji JavaScript, na baadhi ya akina mama wanatumia Opera Mini kwa sababu inabana data. Katika hali yake ya kubana zaidi, seva zake ndizo zinazoupanga ukurasa, na maandishi ya JavaScript hayaendeshwi ipasavyo kwenye simu. Isitoshe, viungo vyenyewe ni vitatu: Bei, Masharti ya mpaka, Piga simu. Vitatu vinaenea mstari mmoja hata kwenye 320. Menyu ya kufungua imeondoka, viungo vimekaa wazi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimeujaribu ukurasa sokoni saa sita mchana, jua la utosini. Chumbani ulikuwa mzuri. Juani, tarehe zangu za rangi ya kijivu zilipotea kabisa. Kijivu kile cha `text-secondary` kinapita kipimo cha utofauti wa rangi ya herufi na ya ukurasa kwa nadharia, kwa tofauti ndogo, lakini hakikupimwa Busia mwezi wa tatu. Tarehe sasa ni nyeusi, na bei ni nzito.

Kitufe cha kupiga simu nimekipa kimo cha pikseli 48 na upana mzima wa skrini. Mikono iliyotoka kufunga magunia haina muda wa kulenga.

Jambo lililonisumbua zaidi ni lile la herufi kubwa. Mama aliyeongeza ukubwa hadi mwisho alifungua ukurasa, na zile bei mbili za `col-6` zikapandana: tarakimu sita za Uganda ziliingia juu ya tarakimu nne za Kenya. Alinitazama tu, akanipa simu nimsomee. Nimeirudia picha hiyo kichwani mchana kutwa. Ukurasa ulikuwa umejengwa ili asihitaji kusomewa.

Nimekaa nayo usiku. Tatizo ni kwamba `col-6` ni nusu, iwe iwavyo. Haijali kilichomo ndani. Nimeibadilisha kuwa `col-auto flex-grow-1`. Sasa kila bei inachukua upana inaouhitaji, nafasi ikibaki zinagawana, na zisipoenea pamoja ya pili inashuka mstari wa chini kwa sababu mstari wa Bootstrap unaruhusu kushuka. Namba zenyewe nimezipa `text-nowrap` zisikatike katikati. Kwa herufi za kawaida bei zinakaa ubavu kwa ubavu. Kwa herufi kubwa zinapangana juu na chini, kila moja na lebo yake. Kuanzia 768, `col-md-3` inarudisha robo yake na mstari unajaa kumi na mbili kama kawaida. Sikuandika hata mstari mmoja wa CSS yangu kwa hilo, na nimefurahi sana.

Lebo pia zimebadilika. Nilikuwa nimeandika USh na KSh. Herufi moja ndiyo inayotenganisha nchi mbili, na kwenye kioo chenye mikwaruzo herufi moja haitoshi. Sasa imeandikwa "ya Kenya" na "ya Uganda", kama wanavyosema wenyewe. Na "Bei iliyosasishwa mwisho" imekuwa "Ya leo", "Ya jana", au jina la siku. Kiswahili chetu kinabeba mengi ndani ya neno moja, na maneno marefu hayavunjiki vizuri kwenye kisanduku chembamba. Mara nyingi dawa ni kutafuta neno ambalo soko linalitumia, na karibu kila mara huwa ni fupi.

Jumatano, 26 Machi

Kompyuta ya ofisi ya stoo: pana, 1400 na zaidi kidogo. Kontena la Bootstrap linaishia pikseli 1320 hapo, hivyo bei hazitawanyiki. Nimekagua, nimeondoka.

Binti wa mwenyekiti amebadilisha bei tano mwenyewe mbele yangu. Alisita mara moja tu, kwenye `flex-grow-1`, nikamweleza kwa kumwonyesha simu ya yule mama. Hakuniuliza tena.

Jumatano, 2 Aprili

Ukurasa uko hewani siku ya nne. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, watu wamejibanza chini ya mabati ya stoo, magunia yamefunikwa turubai. Yule mama wa herufi kubwa alikuwa amekaa juu ya debe lililogeuzwa, simu ameinyoosha mbali na uso, na mnunuzi wa ng'ambo amesimama mbele yake. Akamsomea kwa sauti: "Mahindi, gunia, ya Kenya..." akaitaja namba, "ya leo." Mnunuzi akatoa simu yake, akafungua ukurasa ule ule, akatikisa kichwa kukubali, wakaanza kupatana kuanzia pale.

Walipomaliza akaniita. "Mwanangu, maharagwe yaje juu ya mahindi. Msimu huu maharagwe ndiyo tunayoulizwa."

Nimeyapandisha, kwenye HTML yenyewe.